Bei ya Sweta la Mkono: Anza na Saa Zako

Juni ikiingia, baridi ya Makete, Njombe na Mbeya humletea mfumaji wa mkono wateja ambao hakuwaona tangu mwaka jana. Masweta yanaagizwa, kofia zinatoka, soksi za vichanga zinaulizwa. Msimu ukiisha, wafumaji wengi hujikuta hawana hata fedha ya kununulia uzi wa kuanzia msimu mwingine. Walifuma hadi usiku, wakauza, wakasifiwa, na mtaji ukaliwa. Chanzo kikubwa ni bei iliyopangwa kwa kukisia: jirani anauza ngapi, mteja amesemaje, na leo nyumbani kuna shida gani.

Bei ya haki hupatikana kwa hesabu. Inatakiwa irudishe kila shilingi iliyotumika, imlipe mfumaji saa alizokaa na sindano, na impe mnunuzi kitu kinacholingana na fedha yake. Hapa tutaipiga hesabu hiyo hatua kwa hatua kwa sweta la mtoto wa mwaka mmoja. Bei za vifaa ni za mfano. Weka mahali pake bei za soko lako, ila hatua yoyote isirukwe.

Acha kuzidisha bei ya uzi

Wengi wamefundishwa hivi: chukua bei ya uzi, zidisha mara mbili au mara tatu. Ni rahisi kukumbuka, lakini inadanganya. Sweta letu linakula gramu 150 za uzi. Donge la gramu 100 likiwa Sh 4,000, uzi ni Sh 6,000, na ukizidisha mara mbili unauza Sh 12,000. Inaonekana nusu nzima ni yako. Sasa toa vifungo, nauli na gharama nyingine tutakazozitaja, ambazo pamoja na uzi zinafika Sh 8,100. Umebakiwa na Sh 3,900, na sweta limekuchukua saa 12. Umelipwa Sh 325 kwa saa.

Ukizidisha mara tatu utauza Sh 18,000, na saa moja italipwa Sh 825. Afadhali. Lakini ipeleke kanuni hiyo hiyo kwenye kitambaa cha meza cha krosheti, cha uzi mwembamba wa pamba. Tuseme uzi wake ni Sh 12,000 na kazi yake saa 60. Mara tatu ni Sh 36,000. Ukitoa uzi peke yake, kila saa imelipwa Sh 400. Kazi ngumu zaidi, inayochosha macho na mgongo, imelipwa chini ya nusu ya kazi nyepesi. Kanuni ya kuzidisha humpendelea anayefuma kwa uzi mnene na humwadhibu anayefuma kwa uzi mwembamba. Ujuzi hauna nafasi ndani yake.

Andika kila gharama, hata ya mia mbili

Wahenga wa biashara wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Fungua ukurasa mmoja kwa kila aina ya kitu unachofuma. Ukurasa wa sweta letu utasomeka hivi:

- Uzi, gramu 150: Sh 6,000
- Vifungo 5: Sh 1,000
- Sehemu ya nauli: Sh 400
- Sehemu ya sindano: Sh 200
- Mfuko na lebo: Sh 500
- Jumla ya gharama: Sh 8,100

Nauli imepatikana kwa kugawa. Safari ya Sh 4,000 ilileta uzi wa masweta 10, kwa hiyo kila sweta linabeba Sh 400. Sindano nazo zimegawanywa: jozi ya Sh 6,000 ikifuma vitu 30 kabla ya kupinda au kupotea, kila kitu kinachangia Sh 200. Mia mbili ni kidogo, lakini asiyeiweka atanunua sindano mpya kwa fedha ya unga.

Uzi upime kwa mizani ndogo ya jikoni. Pima kabla ya kuanza, pima kilichobaki ukimaliza, andika tofauti. Ukifanya hivyo kwa kila saizi utakuwa na jedwali lako mwenyewe, na mteja akiuliza bei ya sweta la mtoto wa miaka minne hutabahatisha.

Kuna hasara nyingine iliyojificha kwenye rangi. Kiwanda hupaka uzi rangi kwa mikupuo, na rangi ileile ya mkupuo mwingine inaweza kutofautiana kidogo. Sweta likishaunganishwa, mkono mmoja utaonekana umefifia. Angalia namba ya mkupuo kwenye karatasi ya donge, na nunua uzi wote wa kazi moja kwa pamoja. Kama mteja ametaka rangi isiyo ya kawaida na umelazimika kununua madonge mawili wakati kazi inakula donge moja na nusu, mtoze madonge mawili, kisha umpe uzi uliobaki. Utamfaa siku sweta likinasa kwenye msumari.

Zijue saa zako

Ukimuuliza mfumaji sweta lilimchukua muda gani, mara nyingi atakujibu, "Kama wiki hivi." Wiki haihesabiki. Ndani yake mna kupika, shamba, kikao cha kikoba na usingizi. Unachokitafuta ni saa ambazo mikono ilikuwa kazini.

Njia nyepesi ni hii. Chagua uzi unaoutumia zaidi na ufumaji unaoupenda zaidi. Weka saa ya simu, fuma kwa saa moja kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima uzi uliofumwa. Tuseme ni gramu 15. Basi sweta la gramu 150 ni saa 10 za kufuma. Ongeza saa za umaliziaji: kuunganisha mikono na kiwiliwili, kuficha ncha za uzi, kushona vifungo, kufua na kunyoosha. Kwa sweta la mtoto weka saa 2. Jumla ni saa 12. Ukibadilisha uzi au kuongeza maua na misokoto, pima upya, kwa sababu mwendo hubadilika sana.

Usikate saa kwa kuwa ulikuwa unasikiliza redio au unapiga soga na jirani. Fundi cherehani naye husikiliza redio, na hakuna anayemwambia apunguze bei. Lakini haki ina upande wa pili. Saa ulizofumua ili kurekebisha kosa usimtoze mteja. Anayejifunza, ambaye sweta la saa 12 humchukua saa 24, atumie saa 12 za mfumaji mzoefu. Saa 12 zilizozidi ni ada ya kujifunza, nayo itapungua kadiri mkono unavyozoea.

Saa moja ilipwe ngapi?

Hapa ndipo wengi huona aibu, kana kwamba kujipangia ujira ni majivuno. Anza na kipimo cha sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki, sawa na saa 195 kwa mwezi. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kutumika Tanzania Januari 2023 iliweka Sh 150,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wa biashara na viwanda. Gawa kwa 195, unapata takriban Sh 769 kwa saa. Viwango hivi hurekebishwa, kwa hiyo unapopiga hesabu yako tafuta kinachotumika sasa na ukigawe vivyo hivyo.

Kumbuka kwamba hicho ni kima cha chini, cha mtu anayeanza kazi bila kuleta kifaa chake. Mfumaji ana ujuzi wa miaka, ana sindano zake, na hana likizo ya kulipwa. Akiweka Sh 1,000 kwa saa hajamwonea mtu. Linganisha na ile Sh 325 tuliyoipata mwanzo: mfumaji alikuwa anajilipa chini ya nusu ya kiwango ambacho sheria ya wakati huo ingemkataza tajiri yeyote kumlipa mfanyakazi.

Jumlisha

Gharama Sh 8,100. Ujira wa saa 12 kwa Sh 1,000 ni Sh 12,000. Jumla Sh 20,100. Hii ndiyo bei yako ya mwisho; chini ya hapo unakula ujira wako au mtaji wako.

Juu yake ongeza faida ya biashara. Ujira ni malipo yako kama fundi. Faida ni fedha ya duka lako: ya uzi utakaopanda bei, sweta litakalokosa mnunuzi, mteja atakayekimbia na deni. Asilimia 15 inatosha kuanzia, yaani Sh 3,015. Bei yako ya kuuzia ni kama Sh 23,000.

Soko likisema ni ghali

Piga hesabu hiyo hiyo kwa sweta la mtu mzima. Gramu 500 za uzi ni Sh 20,000. Kufuma ni saa 33, umaliziaji saa 3, ujira Sh 36,000. Weka Sh 2,500 za vifungo, nauli na mengineyo, ongeza asilimia 15, unafika kama Sh 67,000. Mtu huyo huyo akipita kwenye mitumba ya Mwanjelwa, jijini Mbeya, atapata sweta la kiwandani kwa sehemu ndogo ya bei hiyo.

Jibu la wengi ni kushusha bei mpaka saa zilipwe karibu na bure. Hapo ndipo biashara ya kufuma hufia. Ujira wako usiuguse. Badilisha unachofuma.

Ufumaji wa sindano mbili ulianza kushindana na mashine tangu Mwingereza William Lee alipobuni mtambo wa kufuma soksi mwaka 1589. Sweta la shule lisilo na urembo, la rangi moja, ni kazi ya mashine, na hata mafundi wadogo wa mitaani huzitumia kufuma masweta ya shule kwa kasi ambayo mikono haitaifikia. Usishindane huko. Krosheti ni tofauti. Mpaka leo viwanda havina mashine inayofuma krosheti halisi. Huiga tu sura yake. Kitambaa cha krosheti halisi unachokiona kimefumwa na mkono wa mtu, na hiyo ni nguvu kubwa ya mfumaji anapotaja bei.

Tafuta pia mnunuzi asiyelinganisha na mitumba. Anayenunua sweta la kujikinga na baridi hupima bei na joto. Anayenunua zawadi ya kichanga, ya ubatizo au ya arobaini hupima heshima atakayoiacha kwa mwenyeji. Kofia na soksi za mtoto zenye gramu 60 za uzi na saa 5 za kazi zinaingia gharama ya Sh 2,400 za uzi, Sh 900 za mengineyo na Sh 5,000 za ujira. Ukiongeza faida unafika kama Sh 9,500. Elfu kumi kwa zawadi iliyofungwa vizuri mnunuzi haoni shida kuitoa, na saa zako zimelipwa zote.

Msimu nao uupangie. Ukianza kufuma Machi, Juni itakukuta na mzigo, wala hutafuma kwa pupa. Maonesho ya Nanenane kwenye viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya huangukia mwanzoni mwa Agosti, na huko wanakuja wageni wa mikoa ya joto waliosahau kubeba nguo nzito. Joto likirudi, hamia kwenye krosheti: vitambaa vya makochi na vya meza havijui baridi, na Dar es Salaam vinauzika mwaka mzima.

Mteja akiomba upunguze

Kupatana bei ni desturi yetu na si ugomvi, biashara haigombi. Jiandae nayo. Kwa sweta letu taja Sh 25,000, lenga Sh 23,000, na kichwani shika Sh 20,100 kama mpaka.

"Mama, kasweta kadogo hivi elfu ishirini na tano? Mtumbani napata kwa elfu tatu."

"Karibu mwanangu, shika uangalie. Geuza ndani, uone kama kuna uzi unaoning'inia. Na hapa kiunoni nimeacha nafasi, mtoto atalivaa mpaka mwakani."

"Ni zuri, ila hela sina. Nipunguzie, chukua kumi na tano."

"Kwa kumi na tano hili siliwezi, mwanangu. Ninayo kofia na soksi zake kwa elfu kumi. Au nikufumie sweta la rangi moja, lisilo na maua wala kola, tuelewane bei yake."

Mama huyu hakushusha thamani ya saa yake. Amepunguza saa. Maua na kola vikiondoka, kazi inaweza kushuka hadi saa 9, na bei ikashuka kwa haki. Mteja anapata kitu cha uwezo wake, fundi analipwa ujira uleule.

Ndugu na rafiki wana mtihani wao. "Bei ya undugu" imewamaliza wengi, kwa sababu ndugu ni wengi na kila mmoja ana rafiki. Amua kabla: ama umpe zawadi, useme wazi kuwa ni zawadi, ama umuuzie kwa bei ya kila mtu. Katikati ya hapo hakuna anayeshukuru. Mpokeaji anaona amelipa, nawe unaona umetoa.

Oda isianze bila kianzio

Sweta lililofumwa kwa kifua cha mtoto wa fulani, kwa rangi aliyoitaka fulani, huwezi kumuuzia mwingine kwa urahisi. Chukua kianzio kisichopungua gharama zote za vifaa. Nusu ya bei ni bora. Kwa sweta letu nusu ni Sh 11,500, ambayo inarudisha Sh 8,100 za vifaa na kulipa saa chache za mwanzo. Andika kwenye daftari jina, vipimo, rangi, fedha iliyopokelewa, iliyobaki na tarehe ya kuchukua, kisha mpigie picha ukurasa huo umtumie. Akibadilisha mawazo katikati ya kazi, saa za kufumua ni zake. Ukichelewa wewe, mjulishe kabla ya tarehe.

Mwambie pia ukweli wa uzi. Kama ni akriliki, sema akriliki, usiite sufu. Mwelekeze namna ya kufua, na kifungo kikidondoka mapema kirudishe bila malipo. Anayetoza bei kamili anadaiwa kazi kamili.

Mali kauli na bei ya jumla

Wenye maduka wengi hupokea vitu vya kufuma kwa mali kauli: mzigo unakaa dukani, ukiuzwa ndipo ulipwe. Hapo bei nyingi huharibika. Tuseme duka linakata asilimia 20. Likiuza sweta letu Sh 23,000, mkononi mwako inafika Sh 18,400. Toa Sh 8,100, gawa kwa 12: saa yako imeshuka hadi kama Sh 858. Ili ubaki na Sh 20,100 yako, igawe kwa 0.8. Unapata Sh 25,125, kwa hiyo sweta hilo dukani lisiuzwe chini ya Sh 25,500. Andikishaneni idadi ya vitu, bei ya kuuzia, sehemu ya duka na siku ya kulipana. Vitu visivyouzwa kwa muda mliokubaliana virudi kwako.

Pokea fedha taslimu au kwa simu, usipokee bidhaa. Visiwani Shetland, kaskazini mwa Uskochi, wanawake waliofuma shali nyembamba za sifa kubwa walikuwa wakilipwa na wafanyabiashara kwa chai na vitambaa badala ya fedha. Mwaka 1872 tume ya serikali ya Uingereza ilichunguza utaratibu huo na kusikiliza ushahidi wa wafumaji wenyewe. Sifa ya kazi yao ilikuwa imeenea mbali, na bado wengi wao fedha hawakuiona. Leo sura yake ni yule anayesema, "Nipe bure, nitakutangaza mtandaoni," au mwenye duka anayetaka kukulipa kwa sukari na sabuni. Matangazo hayanunui uzi.

Siku ya kupandisha

Pitia hesabu kila uzi unapobadilika bei, na angalau kabla ya kila msimu wa baridi. Kama oda zimejaza miezi miwili mbele na hakuna anayeuliza bei mara mbili, ujira wako ni mdogo, upandishe kidogo. Oda zilizokwishalipiwa kianzio zimalize kwa bei ya zamani. Kama kitu kimeonekana na wateja wanaofaa msimu mzima bila kuuzwa, chunguza rangi, saizi na mahali unapouzia kabla ya kugusa bei.

Mnaofuma mtaa mmoja au soko moja, kaeni pamoja. Hamna haja ya kuuza kwa bei moja, maana kazi hazifanani. Kubalianeni ujira wa chini wa saa ambao hakuna atakayeshuka chini yake, na uzi nunueni kwa pamoja Kariakoo kwa bei ya jumla, mgawane nauli. Mfumaji mmoja anayejilipa Sh 325 kwa saa huwashusha wenzake wote, kisha naye huacha kazi akiwa amechoka.

Kabla hujaanzisha kazi inayofuata, fungua daftari, andika uzito wa uzi na saa uliyoanza. Ukimaliza, gawa. Namba utakayoiona ndiyo mshahara wako. Kama usingemruhusu mwanao aajiriwe kwa mshahara huo, usiukubali wewe.